Valizi Nyekundu ya Brigitte

Zamani, mtu akitaka habari za kambi ya wakimbizi, alienda kwa Emilienne. Nani ameoa, nani amegombana na mkwe, yote yalipatikana kwake, pamoja na chai. Viti havikutosha. Kisha Brigitte akahamia jirani. Sasa viti vya Emilienne vinakaa bure, na vicheko vinatoka upande wa pili wa ua.

Asubuhi hiyo wamama sita walipanda boti pale Nchelenge, Zambia, kwenda kisiwa cha Chisenga kununua samaki. Brigitte alikuja na valizi nyekundu, sanduku la safari lenye magurudumu. Magurudumu, kwenye mchanga! Na wamama wote wakampa aweke ndani karatasi zao za ruhusa ya kutoka kambini. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Emilienne.

Emilienne alitoa yake shingo upande. Ilikuwa lazima afike. Jeanine, mdogo wake, alikuwa amevuka kutoka Congo mpaka Chisenga, na saa tisa angerudi. Walikuwa hawajaonana miaka saba. Bila karatasi, askari wa Chisenga hangemruhusu kushuka.

Katikati ya ziwa, Brigitte alianza kumwigiza kiongozi wa kwaya anayepiga chafya wakati wa maombi. Boti nzima ikamgeukia. Watu walicheka mpaka machozi. Emilienne peke yake aligeuza uso. Hakutaka kumpa Brigitte hata jino moja.

Ndiyo sababu yeye peke yake aliona. Nyuma, kwenye mizigo, mwanaume mwenye kofia ya kijani alifungua valizi nyekundu. Alitoa kifuko cheusi, akakiingiza ndani ya koti.

"Ni poda yake ile ya uso," Emilienne aliwaza. "Acha iende. Leo tutaona kama atacheka."

Akatazama maji.

Boti ilisimama kwenye kambi ya wavuvi. Kofia ya kijani ikashuka. Walipoondoka tu, Brigitte akapiga kelele.

"Ba-maman! Kifuko ya karatasi haiko!"

Kumbe si poda, na karatasi ya Emilienne nayo ilikuwa humo.

Mwiche, mama anayekatisha tiketi za boti, akasimama. "Nani ameona kitu?"

Emilienne alipiga hesabu. Akisema, wote watajua alinyamaza. Akinyamaza, Jeanine atarudi bila kumwona.

"Miye," alisema. "Nilimuonaka."

"Ulimuonaka na ukanyamaza?" Brigitte alishangaa. "Juu ya nini?"

"Juu ya wivu! Batu bote banakuangalia weye tu. Nilisema, acha na yeye alie kidogo."

"Mutu wa Mungu!" Brigitte alisema.

"Ba mayo, wamama wangu, mutagombana tukifika," Mwiche alisema. "Emilienne, alivaa nini? Alienda wapi?"

"Kofia ya kijani. Koti ya kahawia, mukono ya kushoto imepasuka. Alienda kwa benye kukausha samaki."

Mwiche alimpigia simu Musonda, mlinzi wa kambi ile ya wavuvi. "Mumushike, muite polisi. Musimupige!"

Boti ikageuka. Walimkuta mwizi ameketishwa chini, kofia mkononi. Karatasi zote sita zilikuwa kwenye kifuko.

"Sikieni," Mwiche aliwaambia abiria. "Mwizi wa boti hangoji usiku. Anangoja mucheke. Mizigo ikae mbele yenu, si nyuma yenu. Karatasi kila mutu akae nayo mwilini. Ukiona mukono kwenye mzigo, uliza kwa sauti: hii ya nani? Niite mimi pia. Na usingoje mpaka umupende mwenye mzigo."

Hapo wote walimtazama Emilienne. Naye alitazama vidole vya miguu yake.

Kila mama alichukua karatasi yake, akaifunga ndani ya kitenge. Mizigo yote ililetwa mbele. Brigitte aliisukuma ile nyekundu mpaka kwenye magoti ya Emilienne.

"Uichunge weye. Macho yako haichekake."

Wamama wakacheka, na safari hii Emilienne alicheka nao, lakini akiangalia mizigo. Mwanaume mmoja aligusa gunia. "Ya nani hiyo?" Emilienne aliuliza. "Yangu, mama, yangu!" alijibu haraka.

Saa nane walifika Chisenga. Askari aliona karatasi, akampisha Emilienne na valizi. Jeanine alikuwa kwenye mchanga, akiruka kama mtoto.

"Yaya! Yaya Emilienne! Dada yangu! Valizi muzuri! Ni yako?"

Emilienne alizungusha gurudumu moja kwa kidole. Lilizunguka vizuri, hata bila kelele. Roho ikamuuma kidogo.

"Ya jirani yangu," alisema. "Miye ninaichunga."