Uso Ambao Simu Iliungoja

Mpaka leo sijajua simu ile ilitoa wapi uso wa pacha wangu. Niliitoa kwenye boksi mwenyewe, mbele ya Kagwe, tajiri wangu pale Kitale, na karatasi yake ya gundi nikaibandua kwa ukucha.

Ilikuwa jioni. Nilikuwa nimetumwa mjini kununua mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi, nikarudi na mkanda na simu. Kabambe yangu, simu ndogo ya miaka sita, ilikuwa imekufa vitufe.

"Sifuna siku hizi ni mtu wa kutachi kioo," Kagwe akanitania. "Kesho hata salamu hutajibu."

Kioo kilikuwa laini, chenye baridi. Simu iliomba kuniona usoni ili initambue. Nikaiinua.

*Uso haufanani.*

Nikajaribu tena. Vilevile. Nikaiweka juu ya gunia, ikatazama paa tupu la stoo.

Ikafunguka.

Ndani kulikuwa na picha moja. Mimi... lakini sikio la kushoto limepasuka, shavu limefunguka hadi meno, na shingo...

"Si huyu ni wewe?" Kagwe akanong'ona.

"Ni Wanyonyi."

Tulizaliwa siku moja, kijijini Misikhu. Mwezi wa kumi alikatwa kwa panga kwenye mpaka wa shamba. Kwetu, pacha aliyebaki huruka kaburi kabla halijafunikwa, ili aliyekufa ajue kwamba wameachana. Mimi sikwenda. Mahindi ya Kagwe yalikuwa yananyeshewa, na kusema kweli niliuogopa ule uso. Kagwe akaniazima simu yake nipige ya video. Kule nyumbani, Rispah, mjane wa Wanyonyi, akainua yake nikionekana ndani, akaipitisha juu ya kaburi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wazee wakatazamana. Simlaumu mtu. Sote tulidhani inatosha.

Asubuhi baada ya simu kufunguka, mkanda mpya ulikatika mashine ikiwa kasi. Ulinichapa kichwani kama kiboko cha moto. Nilipogusa sikio, nusu yake haikuwepo. Simu ikawaka mfukoni.

*Uso unaanza kufanana.*

Kagwe aliipiga nyundo mara tatu. Kioo kikawa unga, mwanga na maandishi vikabaki.

Siku ya nne, Kipkosgei, mpole kuliko wote pale stoo, alikuwa anafungua magunia kwa kisu. Aligeuka ghafla akanipasua shavu. Nilionja damu kabla ya kusikia uchungu. Upepo ukapita kwenye meno yangu mdomo ukiwa umefungwa.

"Sikukuona wewe," alilia, kisu kimemponyoka. "Niliona mtu amesimama nyuma yako, anakushika shingo."

*Bado kidogo.*

Nilijua kilichobaki.

Kagwe alinipeleka Misikhu kwa pikapu yake siku hiyohiyo, nyuzi za hospitali zikiwa mbichi shavuni. Baba mdogo Wekoye, mzee wa kanisa, alisali kwanza. Kisha akaitazama simu muda mrefu.

"Tulimrushia kioo badala ya ndugu yake," akasema. "Amekaa huko anangoja mtu."

"Nitaruka sasa, baba."

"Utaruka. Lakini anataka shingo. Tusipompa sisi, atajichukulia mwenyewe, na yeye hajui pa kuachia."

"Ati tumkate?" Rispah akauliza.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, anachambua maharagwe. Akaweka ungo chini.

"Hawa wawili nilibeba mimi," akasema. "Hakuna mwingine atamgusa."

Ndivyo ilivyoamuliwa: kaburi lifunguliwe hadi kwenye kifuniko, simu ishushwe, nikatwe, damu idondoke pale, niruke. Kagwe alibaki kwenye pikapu; Wekoye alichimba. Rispah alinishika kichwa, vidole vyake kwenye nywele zangu. Harufu ilipanda kutoka shimoni... tamu, nzito. Nililala ukingoni nikasikia kitu kikikwaruza mbao kule chini, polepole, kama ukucha unaobandua gundi.

Mama alinikata shingoni kwa panga, upande wa kushoto. Sikupiga kelele. Nilisikia matone yakigonga kifuniko, na mkwaruzo ukakoma.

"Ruka, Sifuna."

Niliruka nikaanguka upande wa pili kwa magoti.

Nyuma yetu mwanga ukawaka shimoni. Sote wanne tulikuwa tumeligeuzia kaburi mgongo. Hakuna uso wowote uliokuwa umeinama juu ya simu ile.

Ikafunguka.

"Mtu asigeuke," Wekoye akanong'ona.

Ila kuna mmoja wetu aligeuka. Nilisikia panga likishuka juu ya simu, mbao, na kitu laini kuliko mbao. Mara tano. Kisha nikasikia udongo ukirudishwa kwa mikono, na pumzi za mama.