Maji ya Wageni wa Baraza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kwa maalimu, Mwanvua alijitwika mtungi akashuka chemchemini pamoja na rafiki yake Aziza. Njia ilikuwa fupi, tena ya mteremko, na wasichana wa Kamulenga waliipita huku wakitaniana na kucheka. Lakini walipofika bombani kicheko kilikatika. Kila mmoja alikinga mtungi wake, akageuza uso pembeni na kubana pua.

Maji yale yalinuka mihogo. Si mihogo ya kupikwa, la! Ni ile iliyolowekwa shimoni mpaka ikalainika na kuchacha, ambayo ukipita karibu yake unatema mate. Zamani chemchemi yetu ilikuwa na ukuta mzima wa sementi wenye bomba, na maji yake yalikuwa safi. Kisha ukuta ukapasuka upande wa juu. Na huko juu ndiko wanawake walikochimba mashimo ya kulowekea mihogo, kwa sababu ni karibu na nyumba. Maji ya mashimo yakateremka polepole, yakaingia kwenye ufa, yakatokea bombani. Watu wakayanywa. Wangefanyaje? Kijito cha Kasanza kilikuwa na maji matamu, lakini kilikuwa nyuma ya mlima, na wanawake walikuwa na mashamba ya pamba waliyolazimishwa kulima. Nani angekwenda Kasanza kila siku?

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Baba yake Mwanvua alikuwa kazini kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, na nyumbani alibaki mama yake, Hawa, na mdogo wake, Yakubu. Yakubu alikuwa bado mdogo sana, na tumbo lilikuwa limemwendesha tangu mvua za mwisho. Alikonda mpaka akaacha kucheza. Hawa alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya Wamaza, na muuguzi Théophile akampa dawa. Baada ya kumpa, alimtazama Hawa usoni.

"Mama, dawa yangu inafanya kazi," alisema. "Lakini ukimrudisha mutoto kwenye maji yale yale, atarudi hapa. Na siku moja hatarudi tena. Unanisikia?"

Hawa alisikia. Mwanvua, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mama yake, alisikia pia, na maneno yale hayakumtoka kichwani.

Sasa nieleze habari za baraza. Sultani wetu, yaani mtawala wa watu wa eneo letu, alikuwa na baraza kubwa. Ndani yake walichaguliwa wachache, wakaitwa baraza dogo. Kila mmoja alisimamia kazi fulani: huyu njia na madaraja, yule soko, mwingine zahanati na maji. Kila kiangazi walizunguka vijijini kukagua. Je, kazi tuliyoahidi ilifanywa? Je, bado inafaa? Kama haifai, ni kosa la nani? Kisha walikaa pale pale mbele ya watu na kuamua, kwa kunyoosha mikono, sementi ya mwaka ule iende wapi.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Ubaya ulikuwa kwetu. Sisi watu wa Kamulenga tuna desturi: mgeni hapewi kilichopo, hupewa kilicho bora. Basi baraza lilipokuja mwaka wa kwanza, Kapita Bulaimu, mkuu wa kijiji, aliamuru njia zifagiwe, mawe yapakwe udongo mweupe, na wasichana wakachote maji Kasanza. Wageni walikaa kivulini kwenye ukumbi wake. Desturi yetu nyingine ni kwamba mwenye nyumba huonja maji kwanza, wageni wakimtazama, ili waone kwamba hayana sumu. Kapita alionja, akalamba midomo, akasema, "Maji ya Kamulenga hayo!" Wageni wakanywa, wakacheua, wakasifu. Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama bomba. Wakatangaza kwamba chemchemi ya Kamulenga ni ya mfano, na sementi ikaenda kijiji kingine. Kapita akaahidiwa medali ya shaba. Loo, alivyotembea kifua mbele!

Mwaka wa pili ukafika. Ilisemekana kwamba sementi ya safari hii ingejenga nyumba mpya ya kulala wageni wakubwa kule Wamaza. Kapita alipita mlango hadi mlango akitoa amri zile zile.

"Mwanvua ndiye atakayepiga magoti na kuwapa wageni maji," alisema. "Iko mpole, hana maneno mengi."

Mpole! Kapita hakumjua.

Jioni ile Mwanvua alikuwa akimpepea Yakubu huku mama yake akipepeta mchele.

"Mama, wageni wanakuja kukagua nini?"

"Njia. Soko. Chemchemi."

"Kama wanakagua chemchemi, mbona tunawapa maji ya Kasanza?"

"Ni adabu, mwanangu. Mgeni ni mgeni."

"Adabu gani hiyo inayomuua Yakubu?"

Hawa aliweka ungo chini. "Nyamaza! Unataka Kapita anipeleke gerezani? Baba yako hayupo. Wewe beba maji uliyoambiwa, basi."

Mwanvua alinyamaza. Lakini kunyamaza si kukubali, na mama yake alijua hivyo, maana alimtazama muda mrefu kabla ya kuokota ungo.

Asubuhi wasichana walipanda mlima mpaka Kasanza, wakarudi na mitungi iliyojaa maji matamu. Waliporudi kijijini, wenzake walielekea kwa Kapita. Mwanvua alikata kona kwenda kwao. Aliutua mtungi mbele ya mama yake.

"Haya ni ya Yakubu," alisema. "Mpe anywe mpaka ashibe."

Kabla Hawa hajapata neno, Mwanvua alikuwa ameshachukua mtungi mwingine na kushuka chemchemini. Aziza alimkimbilia nyuma, macho yamemtoka.

"Mwanvua, una wazimu? Yale ni maji ya wageni!"

"Wageni watakunywa ya kwetu leo."

"Watakupiga!"

"Wanipige. Wakimaliza kunipiga, bomba litakuwa bado linanuka, na wao watakuwa wamelijua."

Wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Mkubwa wao alikuwa mzee Sumaili, mtu mkali, mwenye kanzu nyeupe na bakora. Kando yake alikaa Bwana Antoine, fundi seremala wa zamani kutoka upande wa Kasongo, ambaye ndiye aliyesimamia zahanati na maji. Watu wa Kamulenga walijaa uani. Mwanvua alipiga magoti kwa heshima zote, akamimina maji kikombeni, akamwinulia Kapita kwa mikono miwili.

Kapita alikipokea akitabasamu. Kikombe kilipokaribia pua yake, tabasamu likaganda.

"Mutoto huyu amekosea mtungi," alisema haraka. "Aziza! Lete mwingine."

"Sikukosea, Baba Kapita," alisema Mwanvua. Sauti yake ilisikika mpaka nyuma. "Haya ni maji ya chemchemi. Ndiyo yanayokaguliwa leo. Onja, wageni wana kiu."

Kapita alimkazia macho, na Mwanvua hakuinamisha yake. Wageni wote walikuwa wakingoja, na desturi ni desturi: mwenye nyumba asipoonja, mgeni hanywi. Kapita akanywa funda moja. Maskini! Mashavu yalimvimba, machozi yakamlengalenga. Hakuweza kumeza. Wala hakuweza kutema mbele ya baraza.

"Meza, Kapita," alisema Bwana Antoine taratibu. "Mwaka jana ulilamba midomo."

Kapita akageuka, akatema nyuma ya kiti chake.

Mzee Sumaili alipiga bakora chini. "Aibu gani hii? Baraza zima linatiliwa maji ya mihogo! Na mutoto wa kike ndiye anatuchezea? Binti, omba msamaha mara moja!"

"Niombe msamaha kwa sababu gani, babu?" aliuliza Mwanvua. Alikuwa bado amepiga magoti. "Kapita ni mutu mzima na ameyashindwa. Mdogo wangu anayanywa kila siku. Nani amemwomba yeye msamaha?"

"Huyo hana adabu!" alifoka Kapita. "Mama yake yuko wapi? Mama yake atajibu!"

"Niko hapa," ilisema sauti.

Hawa alipenya katikati ya watu, Yakubu akiwa mgongoni. Alimfungua, akamsimamisha mbele ya wageni, na mtoto akayumba akamshika mama yake mguu. Hapakuhitajika maelezo mengi. Kila aliyekuwa pale aliona ile mikono yake iliyokonda.

"Niliogopa gereza," alisema Hawa. "Jana nilimnyamazisha binti yangu kwa sababu ya woga. Leo siogopi. Mukitaka kunifunga, nifungeni, lakini kwanza nendeni mukatazame ule ukuta. Miaka miwili munakagua chemchemi mukiwa mumekaa kwenye viti!"

Watu waliguna. Bwana Antoine ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alichukua kile kikombe, akanusa, akamwaga maji chini.

"Mama amesema kweli," alisema. "Maji ni kazi yangu, na mwaka jana sikutembea hata hatua moja mpaka bombani. Nililetewa kikombe, nikasema kazi ni nzuri. Twendeni."

Wakashuka wote, baraza mbele na kijiji nyuma. Bwana Antoine alipanda juu ya ukuta, akapitisha mkono kwenye ufa, na ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Aliporudi chini, mkono ulikuwa unanuka. Kisha akaonyesha mashimo ya mihogo.

"Na haya ni ya nani?"

Wanawake walitazamana. Hapo ndipo wengi wangependa ardhi ipasuke iwameze. Baraza na Kapita walikuwa na makosa, ndiyo, lakini mashimo hayakujichimba yenyewe.

"La kwanza ni langu," alisema Hawa. "Nitalifukia leo. Tutachimba mengine kule bondeni, chini ya bomba."

"La pili ni la kwetu," alisema mama yake Aziza. Na wengine wakafuata.

Baraza dogo likakaa pale pale kwenye majani, bila viti. Waliulizana yale maswali yao. Kazi ilifanywa? Ilifanywa. Inafaa? Haifai. Kosa la nani? Bwana Antoine alitaja jina lake kwanza, kisha la Kapita, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa habari ukuta ulipopasuka. Ile medali haikutajwa tena. Mzee Sumaili alisema kwamba nyumba ya wageni ya Wamaza ilikuwa imeahidiwa kwa wakubwa, na kwamba Mzungu wa teritwari, yaani mkuu wa wilaya, angekasirika.

"Akasirike," alisema Bwana Antoine. "Akija, alale kwangu. Kitanda nilikichonga mwenyewe, hakina kunguni."

Watu walicheka. Mikono ikanyooshwa, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ulikuwa wa mzee Sumaili, na uliinuka polepole mno, lakini uliinuka. Sementi ikaja Kamulenga.

Alipokuwa akiondoka, mzee alisimama mbele ya Mwanvua. "Bado unadaiwa msamaha, binti."

"Ukuta ukipona, babu, nitafikiri," alijibu Mwanvua. Hawa alimfinya begani, ila si kwa nguvu.

Kiangazi kilichofuata, baraza lilirudi. Safari hii Kapita Bulaimu aliwapokea njiani, akawapeleka moja kwa moja chemchemini kabla hawajakaa. Ukuta ulikuwa mzima. Mashimo ya zamani yalikuwa yameota majani. Jirani mmoja, kwa mazoea tu, alikuwa amebeba mtungi wa Kasanza, na Kapita alipomwona alimpigia kelele, "Peleka kwako hayo! Wageni watakunywa ya bombani!"

Mwanvua alipiga magoti, akamimina. Kapita alionja, akameza, akavuta pumzi. Kisha mzee Sumaili akanywa kikombe kizima. Yakubu, aliyekuwa ameanza kunenepa na asiyekaa mahali pamoja, alipita akikimbia katikati ya miguu ya wageni, akafukuzana na kuku. Mzee alimfuata kwa macho.

"Sikilizeni, wazazi na watoto," alisema, akigeukia watu. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mgeni aliyekuja kula, mpeni kilicho bora. Huyo ni mgeni wa adabu. Lakini mgeni aliyekuja kukagua, mpeni kilichopo, hata kama kinanuka. Ukimficha uchafu wako, humheshimu, unajiua mwenyewe. Na sisi wa baraza, tusikague kazi za watu kwa kukaa kivulini. Haya nimefundishwa hapa, tena na mutoto."

Alimrudishia Mwanvua kikombe. Uso wake ulikuwa mkali kama kawaida, lakini sharubu zilicheza kidogo.

"Wewe binti, ule msamaha wangu mpaka leo sijaupata."

"Bado, babu," alisema Mwanvua, na akamjazia kikombe cha pili.