Dada wa Safarini

"Wewe ndiye kaka yake, kwa hiyo ninakuomba wewe. Nataka kumuoa dada yako."

Sauti iliyosema hivyo haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya simu, sauti ya kike iliyonyooka kama ya msomaji wa taarifa ya habari. Mwenye nyumba ya wageni, mwokaji mikate aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameongea lugha yake, simu ikatafsiri. Sasa aliilaza mezani katikati ya vikombe vya chai, akasubiri. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

Mimi ndiye huyo dada. Na aliyeitwa kaka ni mchumba wangu.

Nilimgeukia. Chai ilikuwa imemkwama kooni.

"Haya, kaka," nikamwambia taratibu, kwa lugha yetu. "Mjibu mwenzako."

"Usinifanyie hivyo, Fundi."

"Nimekufanyia nini? Posa imeletwa, tena kwa heshima. Wengine tunaisubiri hadi tumechoka."

Ngoja niwaeleze tulivyofika hapo. Tulikuwa tunaizunguka nchi ya watu mkoa baada ya mkoa, bila kampuni ya utalii, mabegi mgongoni na ramani kwenye simu. Mchumba wangu, ambaye namwita Mwalimu, anafundisha jiografia, na safari hii aliiota tangu ujana. Mimi ni fundi cherehani. Nimeachika, nina binti, na umri nimemzidi Mwalimu. Mama yake hakujua kama nipo duniani.

Pwani, mkoa wetu wa kwanza, tulimkuta mapokezini hotelini mtu wa kwetu anayefahamiana na mama yake. Mwalimu akasema bila kupepesa macho, "Huyu ni dada yangu." Nikacheka, nikidhani yataishia pale. Tulipofika mikoa ya mashamba akasema tena, na huko hapakuwa na mtu anayetujua. Nikaitika. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliitika. Nikawa nampiga picha kwenye kila daraja na kila soko, naye anazituma kwenye kundi la familia, yuko peke yake, anatabasamu.

Mwokaji akaisogelea simu tena, akaongea. Ikasema, "Ameshona mapazia yangu yaliyochanika bila kuombwa. Ananichekesha. Nitamtunza yeye pamoja na binti yake."

Kumbe mwokaji alikuwa hajamsahau binti yangu niliyemtajia. Mwalimu hajawahi kuomba hata kumsalimia.

Nilimtazama Mwalimu usoni. Nilitaka neno moja tu, hata "hapana" lingetosha.

Akakohoa. Akaivuta simu karibu na mdomo.

"Asante," akasema. "Nipe muda kidogo. Nitazungumza na familia."

Simu ikatafsiri. Mwokaji akasimama kwa furaha, akampa mkono. Na Mwalimu akaupokea.

Jamani, uso uliniwaka. Nilimwonea aibu yule baba wa watu anayedanganywa mezani kwake, nikajionea aibu mimi zaidi. Nilipanda chumbani kwangu, nikafunga begi, nikatokea mlango wa nyuma.

Nilipofika stendi ujumbe ukaingia.

"Uko wapi?"

"Stendi. Naenda mikoa ya kaskazini peke yangu."

"Hujui njia."

"Ramani unayo wewe tu?"

"Nisamehe, Fundi. Nilishikwa na kigugumizi."

"Kigugumizi hakipokei mkono."

Baadaye kidogo nikamwona anakuja mbio, kamba za viatu zinaburuzika, mkate umefungwa kwenye kitambaa kwapani.

"Mwokaji kakupa wa njiani," akasema, akitazama chini. "Nilimwambia umetoka kidogo."

"Na ukaubeba."

"Ningefanyaje?"

"Ungemwambia ukweli."

Akaketi kwenye benchi, mkate mapajani.

"Naona aibu, Fundi."

"Aibu ya kuwa na mimi?"

"Aibu ya kumwogopa mama, mtu mzima mimi."

"Basi mpigie."

"Sasa hivi?"

"Basi langu linapakia. Na uweke sauti ya nje."

Akapiga.

"Mwanangu! Leo uko mkoa gani?"

"Milimani, mama. Mama, kuna mtu nataka nikwambie..."

"Ni yule wa kivuli?"

Tukatazamana.

"Kivuli gani, mama?"

"Kila picha unayotuma, miguuni pako kuna kivuli cha mwanamke ameinua mikono anakupiga picha. Pwani yupo, mashambani yupo. Shangazi yako anasema ni mwongoza watalii. Nikamwambia, mwongoza watalii gani anafunga kilemba kikakaa vile? Ni nani?"

Mwalimu akafumba macho.

"Ni fundi cherehani, mama. Amenizidi umri. Ameachika, ana binti. Nataka kumuoa, kama bado ananitaka. Na huku kote nimewaambia watu ni dada yangu."

Mama akaguna upande wa pili.

"Hayo ya umri tutayaongea, sitakudanganya kwamba nimefurahi," akasema. "Lakini hilo la dada! Mtoto niliyemzaa mimi anamtembeza mtoto wa watu nchi nzima na kumkana kila mlango? Umenivua nguo. Mpe simu."

Nikaipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe ukiitwa dada, ulikuwa unaitika?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilikuwa naitika, mama."

"Usiitike tena."

Nililia pale pale, mbele ya wasafiri wenye mizigo yao. Basi likaondoka bila mimi.

"Umenisamehe?" Mwalimu akauliza.

"Bado. Kwanza turudi kule juu. Mkono wa watu ulioupokea, ukaurudishe."

Tulimkuta mwokaji jikoni, anakanda unga. Mwalimu alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akaongea na simu.

"Nilikudanganya. Huyu si dada yangu, ni mchumba wangu. Niliogopa maneno ya watu. Nisamehe."

Simu ikasoma kwa lugha ya mwenyewe. Sikuelewa hata neno, lakini niliuona uso wa mwokaji unavyobadilika. Akanitazama mimi, akautazama mkate wake kwapani mwa Mwalimu, ambao haujakatwa. Nilishindwa kuinua macho. Akafuta mikono kwenye aproni bila haraka, kisha akaongea kwa sauti ya chini.

Simu ikasema, "Pole, mama. Mnataka chumba kimoja au viwili?"

"Viwili," nikajibu. "Mpaka mama yake aje kwetu kuposa."

Simu ikalitafsiri na hilo. Mwokaji akaitikia kwa kichwa, akatoa funguo mbili. Wangu aliniwekea kiganjani. Wa Mwalimu aliuweka mezani, akageukia unga wake, na safari hii hakumpa mkono.