Kikohozi cha Alhamisi

Kila Jumapili, nyumbani kwa akina Dombeck mjini Sheboygan, Marekani, huliwa soseji na viazi, na watu wote huongea kwa mpigo. Jumapili ile Lorna alikuwa na mafua. Alikuwa pia akigombea kiti katika Bunge la Marekani kule Washington. Mpaka hapo, mafua yalikuwa yakiongoza.

Baba yake, mzee Orville, aliongoza Walinzi wa Mto, kundi la wananchi waliochukia uchafu wa viwandani. Kundi lilitaka kulipia tangazo la televisheni la kumsifu Lorna. Swali moja lilimwasha Orville kama upupu: lirushwe siku gani?

"Mwanangu, sikuulizi kitu," alisema. "Nitataja siku tu. Ukisikia inayokufaa, kohoa."

"Baba, acha utani."

"Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi..."

Lorna akakohoa.

Jirani yao Bi Thelma Rasko, wakili wa mambo ya uchaguzi, akaweka uma chini taratibu, kama aliyeona nyoka kwenye kachumbari.

"Ni mafua!" alisema Lorna, pua nyekundu.

"Mshindani wako atasema ni Alhamisi."

"Thelma, huyu ni binti yangu," Orville aling'aka. "Nilimbadilisha nepi!"

"Nepi hazina sheria, mzee. Matangazo yanayo. Kundi lenu linajitegemea, ndiyo maana linaruhusiwa kutumia fedha bila kikomo. Lakini mkipanga tangazo na mgombea, au na watu wa kampeni yake, linahesabiwa kuwa mchango kwake. Na kundi kama lenu haliruhusiwi kumchangia hata senti. Mtaadhibiwa nyinyi, na yeye ataponzwa."

"Kwa kikohozi?"

"Sheria haijali umetumia mdomo, jicho au kamasi."

"Basi tusiongee na Baba?" Lorna aliuliza.

"Ongeeni mpaka mchoke! Ulichokisema hadharani, yeyote anaweza kukitumia. Msiguse tu mipango ya kampeni wala tangazo."

Orville alifikiri. "Na tajiri mwenye kiwanda? Naye haruhusiwi kupanga matangazo na mshindani wetu?"

"Haruhusiwi."

Orville akatazama meza. Kati yake na binti yake palikuwa na bakuli la viazi tu. Hata hivyo aliuona ukuta wa sheria, mwembamba kuliko mvuke wa viazi vile, na magunia ya fedha ya matajiri yamesimama nje yake, yakibisha hodi. Akavua kofia yake, ambayo hata mchungaji alishindwa kumvua.

"Lo!" alinong'ona.

Kesho yake alijitoa katika kamati ya tangazo. Siku iliyokoholewa hakuitaja. "Msiniambie hata rangi ya tangazo," aliwaagiza wenzake.

Jumapili iliyofuata mafua yalikuwa yamehamia kwake. Katikati ya chakula, televisheni ikaonyesha mto, kisha uso wa Lorna, na hotuba aliyoitoa mbele ya umma kwenye maonyesho ya ng'ombe. Baba na binti wakaduwaa, uma hewani.

Simu ikalia. Alikuwa mwandishi wa habari.

"Hapana, sikujua," Lorna alimjibu. "Nimeliona sasa hivi, kama wewe."

Ilikuwa kweli tupu, na ilimkaa mdomoni vizuri kuliko hotuba. Alipokata simu, alimkuta baba yake amejiziba mdomo kwa kitambaa, uso wa zambarau, macho yakitoka machozi.

"Baba," alisema kwa upole, "kohoa tu. Tangazo limekwisha."