Nukta Kwenye Karatasi ya Dawa

Chumba cha mbele cha nyumba ile ni duka. Kina meza moja, kompyuta moja, rimu za karatasi zilizopangwa juu ya kiti, na mashine ya kuchapa inayotumia mwanga wa leza. Mwenye duka ni mwanamke mwembamba asiyejua kutembea polepole. Mtaa mzima unamwita Mama Chapa. Asubuhi huiwasha mashine kabla hajanywa chai.

Mumewe ni seremala. Ana mikono mizuri na moyo mzuri, lakini ana ugonjwa mmoja: kwake kila jambo ni rahisi. Mlango ukikwama, rahisi. Redio ikinyamaza, rahisi. Basi watu wakamwita Bwana Rahisi, naye akalipenda jina hilo. Mama yake mzazi anaishi nao. Bibi huyu ana miaka sabini na miwili, na mwaka huu ameanza darasa la kisomo cha watu wazima. Siku hizi anasoma kila kinachopita mbele yake, hata mfuko wa saruji.

Jumatatu moja nesi wa zahanati alikuja dukani na karatasi. Ilieleza jinsi ya kumpa mtoto dawa ya maji: mililita 15, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Nesi alitaka nakala mia nne. Ijumaa asubuhi zahanati ingegawa dawa hiyo, na kila mzazi angeondoka na chupa na karatasi yake. Zahanati haikuwahi kumpa Mama Chapa kazi kubwa namna hiyo. Akiiweza, ataitwa tena. Akiiharibu, nesi atapeleka kazi zake mjini na hatarudi. Mama Chapa aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote.

Alianza kuchapa hapo hapo. Karatasi zilitoka na kivuli cha kijivu huku na huku, na vidoa vidogo vyeusi. Alikunja uso kidogo. Akajiambia kwamba ni uchafu tu, utaisha wenyewe. Maneno yalisomeka vizuri, na mia nne ni nyingi. Akaendelea.

Karatasi ya sitini ilipotoka, bibi alichukua moja akakaa nayo mlangoni. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila herufi.

"Mpe mtoto mililita moja, nukta, tano."

"Kumi na tano, mama," alisema Mama Chapa bila kugeuka.

"Hapana, mwanangu. Hapa kuna nukta. Moja, nukta, tano."

"Hicho ni kidoa, mama. Ni uchafu."

Bibi alimtazama juu ya miwani. "Sasa mimi nitajuaje kwamba huu ni uchafu? Mwalimu wetu anasema nukta isomwe. Mimi nimeisoma."

Mama Chapa aliichukua ile karatasi. Kweli, kidoa kilikuwa kimekaa chini kabisa, katikati ya moja na tano, kama kimewekwa kwa makusudi. Alishika karatasi nyingine. Hapo hapo. Nyingine tena. Hapo hapo. Mtoto wa kupewa mililita kumi na tano angepewa moja na nusu, na dawa isingemsaidia kitu. Aliizima mashine.

Bwana Rahisi aliposikia ukimya alitoka uani na vumbi la mbao kichwani. Akaelezwa. Alifikiri kidogo, kisha akasema jambo hilo ni rahisi: achukue wembe, akwangue zile nukta moja moja. Mama Chapa alimuuliza kama yuko tayari kukwangua karatasi mia nne, kila moja ikiwa na vidoa vitatu, na asisahau hata kimoja. Bwana Rahisi akaanza kujipangusa vumbi kichwani.

"Karatasi yenye kosa haitoki katika nyumba hii," alisema Mama Chapa. "Hata nikikesha mpaka Ijumaa."

Akazichana zile sitini zote, akaenda kumwita fundi.

Fundi wa mashine za ofisi ni jirani yao wa nyumba ya tatu. Ni mwanamke wa makamo, rafiki wa Mama Chapa tangu wakiwa wasichana. Hana maneno mengi mpaka uguse mashine, hapo humnyamazishi. Alikuja na mfuko wa vifaa, rula na kipande cha uzi. Alichapa karatasi moja, akapima kutoka kidoa cha kwanza hadi cha pili. Sentimita tisa na milimita nne. Kutoka cha pili hadi cha tatu, vilevile. Alipima mara mbili.

"Uchafu wa bahati mbaya hukaa popote," alisema. "Huu unarudi kwa kipimo kimoja. Maana yake unatoka kwenye kitu kinachozunguka. Kila kikimaliza mzunguko mmoja, kinaacha alama yake."

Alisubiri mashine ipoe, akaifungua. Ndani mlikuwa na bomba jembamba la kijani linalong'aa. Mafundi huliita dramu. Alifunga madirisha, akalitoa kwa kulishika nchani, kisha akalizungushia uzi mara moja tu. Uzi ule aliulaza juu ya rula. Sentimita tisa na milimita nne.

"Mwizi wetu ni huyu," alisema. Kwenye ngozi ya dramu kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama chembe ya mchanga. "Dada, nani alilitoa hili?"

Mama Chapa hakujua. Bwana Rahisi alianza kukagua dari.

"Shemeji?" aliuliza fundi.

Basi akasema yote. Wiki iliyopita paa lilivuja kwa mvua na maandishi ya mashine yakafifia. Alidhani dramu limeingia unyevu. Jumapili, mkewe aliposhinda sokoni, alilitoa, akalifuta kwa kitambaa cha karakana yake, akaliweka dirishani juani mchana kutwa. Kitu chenye unyevu si huanikwa? Alitaka kumsaidia mkewe bila kumsumbua. Aliposema hivyo sauti ilimpungua, na ilikuwa wazi kwamba ana aibu kweli.

Mama Chapa alikasirika sana. Lakini alimwambia fundi awaeleze wote namna mashine inavyofanya kazi, tangu mwanzo, maana kitu kilichoharibiwa kwa kutojua kitaharibiwa tena.

Fundi aliazima kitana cha plastiki. Akakisugua kwenye nywele zake kwa nguvu, akakisogeza juu ya vipande vya karatasi. Vipande viliruka vikanata kwenye kitana. Bibi alicheka.

"Huo ni umeme mdogo," alisema fundi. "Mashine hulipaka dramu zima umeme kama huo. Halafu inakuja leza. Leza ni mwanga mwembamba sana. Unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, mara nyingi mno kabla hujapepesa jicho. Kuna kioo kinachozunguka, kinaupitisha mwanga huo kutoka upande mmoja wa dramu hadi wa pili. Mwanga ukigusa mahali, umeme wa mahali hapo unaondoka. Herufi inakuwa imeandikwa, ila bado huioni."

"Imeandikwa kwa mwanga," alisema bibi.

"Kwa mwanga, mama. Ndipo wino wa unga unanata pale palipoguswa na mwanga tu. Dramu linaubandika unga kwenye karatasi, na bomba la moto linauyeyusha ushike."

Bibi alisema yeye siku zote alidhani leza inaunguza karatasi. Fundi akamwambia wengi hudhani hivyo. Joto la karatasi zinazotoka linatokana na lile bomba la mwisho.

"Sasa, shemeji, hiki ni kitu kilichotengenezwa kusikia mwanga mdogo kabisa. Wewe umekipa jua la mchana kutwa. Kimechoka. Hakishiki tena umeme, ndiyo maana ya kile kivuli. Ni sawa na filamu ya kamera za zamani. Ukifungua kamera kwenye mwanga, picha zote kwaheri."

Hapo Mama Chapa alishindwa kujizuia akacheka. Siku ya harusi yao, Bwana Rahisi aliifungua kamera ili aone kama picha zimeingia. Harusi yao ina picha tatu tu, na zote ni za watu wakiosha vyombo.

Fundi alilifunga dramu kwa kitambaa cheusi, akaliweka kabatini. Alisema kivuli huenda kikaondoka likipumzika gizani, lakini mkwaruzo hauponi. Bwana Rahisi, aliyemshikia kitambaa, alitazama mikono yake iliyojaa unga mweusi, akaomba maji ya moto. Fundi akamzuia. Joto huyeyusha unga huo na kuushikisha. Anawe kwa maji baridi, na ukimwagika mezani asiupulize.

Jumanne asubuhi walijaribu. Kivuli kilikuwa kimekwisha kabisa. Nukta ilikuwa pale pale, kati ya moja na tano. Lilihitajika dramu jipya, na muuzaji yuko mjini. Mama Chapa alianza kuvaa viatu, lakini mumewe alisimama mlangoni.

"Nililiharibu mimi. Nitalifuata mimi."

Aliondoka kwa basi la kwanza. Huko mjini muuzaji alitaka kufungua boksi amwonyeshe dramu, nje, kwenye kaunta iliyopigwa na jua. Bwana Rahisi aliliwekea boksi mkono juu, akamwomba waingie ndani kwanza. Muuzaji alimwona mtu wa ajabu, akakubali. Bwana Rahisi alirudi Jumatano jioni, akiwa amekaa safari nzima na boksi mapajani.

Alhamisi walifunga pazia. Mashine ilikuwa imezimwa na imepoa. Bwana Rahisi alilishika dramu nchani, fundi akimwelekeza, akaliingiza taratibu bila kuligusa ngozi. Ilimchukua muda mrefu kuliko kupigilia mlango. Hakusema neno rahisi hata mara moja.

Karatasi ya kwanza ilitoka safi. Mama Chapa aliipima kwa rula hata mahali pasipo na kitu. Kisha bibi akaisoma, kidole kwenye mstari.

"Mililita kumi na tano," alisema, akaipiga karatasi kofi la mapenzi.

Walichapa mchana kutwa. Kila karatasi ilipita kwa Mama Chapa, ikapita kwa mumewe, na moja katika kila kumi ikapita kwa bibi. Jua lilipozama zilitimia mia nne.

Ijumaa asubuhi Bwana Rahisi alizipeleka zahanati mwenyewe. Nesi alizikagua, akasema mwezi ujao ana kazi nyingine ya Mama Chapa. Bwana Rahisi angeweza kurudi nyumbani. Lakini alibaki kwenye benchi, akitazama foleni.

Alirudi saa nne. Mama Chapa alimuuliza nesi amesemaje. Alimpa habari njema, kisha akakaa juu ya rimu za karatasi.

"Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni," alisema. "Alipewa chupa na karatasi. Akasoma polepole, kama mama yangu anavyosoma. Akapima dawa mpaka kwenye kumi na tano, akamnywesha mtoto palepale."

"Akakuuliza kitu?"

"Hakuuliza mtu yeyote. Alisoma, akaamini."

Alijifuta uso kwa kiganja. Mama Chapa alimwekea mkono begani.