Safu za Kulia

Lori liliipita taa nyekundu.

Ju-yin naye akaipita.

Pikipiki yake, Kymco nyeusi, ilipenya kati ya basi la watalii na mkokoteni wa mananasi. Kioo cha pembeni kikang'oka. Muuza mananasi akamtukana hadi kizazi cha nne. Ju-yin hakugeuka. Mbele yake lori jeupe lililobeba kontena la barafu, la kusafirishia vyakula vilivyogandishwa, lilikuwa linakata kona kuingia bandari ya Kaohsiung.

Geti likafunguka. Lori likazama ndani. Geti likajifunga.

"Nimelikosa," alisema kwenye redio iliyofichwa ndani ya kofia yake.

"Mhandisi yumo?" Ilikuwa sauti ya Mkuu Shih, bosi wake katika idara ambayo haina kibao mlangoni.

"Yumo. Nimewaona wakimpakia kama gunia la mchele."

Mhandisi huyo ni Weng Po-jui. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama kwenye kibanda cha maziwa ya soya, kikombe mkononi, wanaume wawili wakamshika kwapani wakamtia kwenye gari. Kichwani mwake kulikuwa na siri ya vijipande vya silikoni vinavyoendesha kompyuta, ambavyo dunia nzima inavililia. Wageni fulani walijaribu kuiba michoro yake wakashindwa. Sasa wakaamua kuiba kichwa chenyewe.

"Meli gani?" Shih aliuliza.

"Corvina. Iko gatini inapakia. Inang'oa nanga kabla ya saa sita mchana. Izuie, Mkuu."

"Kwa ushahidi gani? Meli ya nje hiyo. Nipe kontena lenye namba, nitaizuia. Ukinipa hisia zako, nitakupa pole."

Ju-yin alionyesha kitambulisho getini na kuingia. Lori alilikuta limetelekezwa, mlango wazi, dereva hayupo, mgongoni tupu. Kontena lilikuwa limekwisha shushwa.

Akainua macho. Makontena meupe ya barafu yalipangwa ghorofa juu ya ghorofa, yanafanana kama meno. Kuyafungua yote ingechukua wiki.

Akapanda ngazi kwenda ofisi za bandari.

*

Alifika katikati ya sherehe.

Ukumbi ulijaa wageni wenye chai na keki za nanasi. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa skrini moja ya kung'aa, pana kama uwanja wa tenisi. Mkurugenzi Liao, mkuu wa bandari, mtu mnene mwenye tabasamu la kukodi, alikuwa anapiga makofi. Anayepigiwa alikuwa Fan Kuo-tai, suti ya kijivu, saa ya Omega mkononi, nywele zimelala kwa mafuta. Kampuni yake ndiyo iliyotengeneza tovuti mpya ya bandari, na leo ilikuwa inazinduliwa.

Ju-yin alimtazama mara moja tu akamchukia. Alikuwa mtu wa kunukia kabla hajafika.

"Nahitaji orodha ya makontena ya barafu ya Corvina," alimwambia Liao sikioni. "Yote. Sasa hivi."

"Jamani, tuna wageni..."

Ju-yin akamfunulia koti kidogo. Liao aliiona bastola, Walther, iliyoning'inia kwapani. Tabasamu lake likarudi kwa mwenyewe.

Alipewa kompyuta ya pembeni. Jedwali likafunguka. Kila kontena mstari wake, safu tisa mbele: namba, mwenye mzigo, aina ya mzigo, bandari ya kwenda, na nyingine za namna hiyo. Mistari yote ilisema kitu kimoja. Samaki wagandishwa. Samaki wagandishwa. Samaki wagandishwa.

Aliangalia chini ya ukurasa. Mstari mwembamba wa kusogezea, mwembamba kama unywele, ulionyesha kwamba kulikuwa na safu nyingine nyingi upande wa kulia. Akauvuta. Ukurasa ukasota, ukaganda, ukamrudisha mwanzo. Akavuta tena. Ukamrudisha tena.

Akaandika "joto" kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakuna kilichopatikana.

"Huko hakuna kitu, dada mrembo." Fan alikuwa amekuja na kikombe chake, na wageni nyuma yake. "Kontena moja lina taarifa zaidi ya mia. Nani ana muda wa kuzisoma? Nimewachagulia tisa zenye maana. Zilizobaki ni takataka za mafundi."

"Mbona utafutaji hauzioni?"

"Ukurasa unachora kile tu kinachoingia kwenye dirisha. Kisichochorwa hakitafutiki. Hivyo ndivyo unavyokuwa mwepesi." Akawageukia wageni. "Jedwali pana ni kama nguo za ndani. Lazima uwe nazo, ila kuzianika mbele za watu ni ushamba."

Ukumbi ukacheka. Liao akacheka kuliko wote.

Ju-yin hakucheka. Alikuwa anajiuliza swali dogo: kwa nini mtu ajenge chumba halafu aweke msumari mlangoni?

Unachora kinachoingia kwenye dirisha. Basi dirisha liwe kubwa.

Alisimama, akapita katikati ya wageni, akaenda kwenye kompyuta iliyolisha skrini ya ukutani.

"Hee! Hiyo ni ya maonyesho!" Fan alipaza sauti.

"Leo ni siku ya kufua," Ju-yin alisema.

Akachuja ibaki Corvina peke yake. Kisha akabonyeza kitufe cha kupunguza ukubwa wa maandishi. Tena. Tena. Tena.

Maandishi yakasinyaa. Kwenye kompyuta ya kawaida yangekuwa sisimizi. Kwenye ukuta ule yalisomeka vizuri. Safu zikaanza kumiminika kutoka kulia, ishirini, hamsini, mia, zikajipanga ubavu kwa ubavu mpaka ukuta ukajaa. Hakukuwa tena na cha kusogeza.

Wageni wakashusha vikombe.

Ju-yin alitembea kando ya ukuta, kidole hewani. Uzito. Lakiri. Umeme. Joto halisi.

Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kumi na nane chini. Kumi na nane chini.

Ishirini na moja juu.

Akasimama. Akafuata mstari ule hadi safu ya jirani: tundu la hewa. Makontena mengine yote, limefungwa. Hili moja, wazi.

"Mkurugenzi," alisema bila kugeuka, "samaki wagandishwa wanapumua?"

Liao alifungua mdomo, akaufunga. Yeye mwenyewe alifanana na samaki.

"Mkuu Shih, namba hii hapa," Ju-yin alisema kwenye redio ya kofia iliyoning'inia mkononi mwake, akaisoma.

"Nimeipata. Boti za walinzi wa pwani zinaondoka sasa."

Ndipo ukutani neno moja likabadilika.

Wazi likawa limefungwa.

Umeme: umezimwa.

Ju-yin aligeuka. Mkono wa Fan ulikuwa mfukoni.

Alimrukia. Teke la kwanza lilitua gotini, la pili likamlaza kifudifudi kwenye keki. Simu ikateleza sakafuni, imejifunga.

"Fungua."

"Umechelewa, bibie." Fan alikuwa anahema, lakini bado anacheka. "Lile tundu likifungwa, mle ni jeneza. Na simu inafunguka kwa kidole changu tu."

"Kidole kinaweza kuja na mkono au bila mkono," Ju-yin alisema. "Mimi sina tabu."

Akakipinda. Fan akalia kwa sauti nyembamba, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuumizwa. Kidole kikagusa kioo, simu ikafunguka, Ju-yin akaibatilisha amri. Ukutani umeme ukarudi. Tundu likafunguka.

Lakini safu ya mahali nayo ilikuwa imebadilika. Iliandika: kwenye winchi.

Akamnyang'anya Liao redio ya bandari. "Winchi ya Corvina! Shusha hilo kontena!"

"We nani unanipigia kelele?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kwa tambuu. "Mimi naamriwa na ofisi."

"Shangazi, ndani kuna mtu."

"Mtu? Nimeambiwa samaki. Mkurugenzi aseme mwenyewe."

Ju-yin akamsogezea Liao redio mdomoni. Jasho lilimtiririka mkurugenzi. "Kwa... kwa utaratibu, nitahitaji kibali cha maandishi kutoka..."

Ju-yin akalifunua koti tena.

"Shusha, Shangazi Mi," Liao alinong'ona. "Shusha."

*

Kontena lilitua kwenye saruji kwa kishindo. Ju-yin alikuwa hapo tayari, Walther mkononi. Akakata lakiri, akavuta mlango.

Katoni za samaki. Akasukuma ya kati. Zikaporomoka zote, tupu.

Nyuma ya katoni mtu mrefu aliinua bastola yenye kiziba sauti.

Ju-yin akajibwaga chini. Risasi ikapita juu ya kichwa chake na kugonga chuma. Ya kwake ikaingia begani mwa mtu yule, bastola ikamtoka. Aliikanyaga, akamfunga pingu kwenye nguzo.

Kwenye kitanda cha turubai alilala Weng Po-jui, mikono imefungwa, macho mazito kwa dawa. Midomo yake ilikuwa ya bluu, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Wewe... nani?" aliuliza.

"Mnunuzi wa samaki. Pumua taratibu."

Alimbeba hadi nje juani. Weng alivuta hewa ya bandari, yenye moshi wa dizeli na chumvi, akaanza kulia kimyakimya kama mtoto. Ju-yin alimshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Baharini boti za walinzi zilikuwa zimeizingira Corvina. Nyuma, askari wawili walimpitisha Fan, makombo ya keki usoni, suti imechanika makalioni.

"Unajiona shujaa!" alifoka. "Kesho watarudi kwenye safu tisa! Watu ni wavivu!"

"Kweli," Ju-yin alijibu. "Ndiyo maana ulidhani na mimi nitakuwa mvivu."

Mkurugenzi Liao alikuja mbio, tai begani, tabasamu limepakwa upya.

"Afisa! Hongera, hongera sana! Nitaiandikia idara yenu barua ya kupongeza ushirikiano wetu!"

Ju-yin aliirudisha Walther kwapani na kuvaa kofia yake.

"Anza na ile ya kujiuzulu," alisema, akawasha pikipiki.