Mzee Hamisi Aliondoka na Besi Yangu

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tatu, mume wa mke mmoja na babu wa wajukuu kadhaa. Nilizaliwa Uvira, upande wa Kongo, lakini maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza hapa Bujumbura nikiwa dereva wa ofisi. Leo ninalala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mkwe wangu, Mutanga Nord. Wenye umri wangu mnaelewa maana ya mwanamume kulala kwa mume wa binti yake...

Sina nguvu ya kupamba maneno. Nitawaeleza nilivyofika hapa, wasomaji wenzangu, mpime wenyewe.

Tangu ujana ninapiga gitaa la besi. Halikunilisha, ila lilinibeba. Nilipiga kanisani, nikapiga kwenye harusi za watu nisiowajua. Mpiga besi hatazamwi na mtu. Watu humtazama mwimbaji, au yule wa solo. Besi wanaikumbuka siku imekosekana. Ndiyo maana sisi wapiga besi tukikutana tunapendana haraka, kama watu wa kijiji kimoja waliogongana ugenini.

Hivyo ndivyo nilivyompata Mzee Hamisi.

Alikuwa na duka la vipuri vya magari Buyenzi. Siku moja nilikwenda kutafuta pampu ya maji ya gari la ofisi, nikamkuta nyuma ya kaunta anachemsha nyuzi za besi kwenye sufuria ya chai. Nyuzi za besi ni shida kupatikana hapa mjini. Zikichoka unazichemsha, jasho na uchafu vinatoka, zinalia tena kama mpya kwa muda kidogo. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayefanya hivyo. Nilicheka, naye akacheka. Nilirudi ofisini bila pampu.

Yeye alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi, mjane mwenye binti mmoja tu aliyeolewa Ubelgiji. Mimi ni Mkristo wa ng'ambo ya mpaka. Hayo hayakututenganisha. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikwenda uani kwake, nyuma ya duka. Wapiga besi wengine wawili watatu walikuja pia, kila mmoja na chombo chake. Tulipeana magitaa tuyajaribu, tukabishana kuhusu sipika, tukasikiliza ampli ya huyu na ya yule. Besi ya Hamisi ilikuwa na nyuzi tano, rangi ya asali. Yangu ilikuwa nyeusi, imebanduka rangi pale mkono unapokaa. Niliachiwa na kaka yangu mkubwa kabla hajafariki. Sikuwa na kitu kingine chake.

Tulivyozeeka, mazungumzo yakageuka. Tukaanza kuulizana: ukipumzika kazi utafanya nini?

Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa na kiwanja Buterere, nilichonunua zamani. Nilitaka kujenga pale chumba kikubwa cha muziki. Tungeweka vyombo vyetu vyote humo, vijana wasio na gitaa waje wajifunze, na sisi wazee tukae tukipiga mpaka Mungu atuite. Hamisi ndiye angefundisha, maana alikuwa na subira na jina lake lilijulikana mjini. Mimi ningeshughulika na vyombo.

Kila nilipoueleza mpango huo, Hamisi alitikisa kichwa taratibu na kusema, "Inshallah, Yakobo. Inshallah."

Nami nilisikia ndiyo.

Nilipostaafu, mke wangu aliniomba tufungue duka la unga. Alinikalisha chini akaniambia kwa upole, "Baba Ester, kule Buterere maji iko inaingia mu nyumba ya watu. Tubaki huku. Mi nitauza unga, we utapiga gitaa yako, tutakula."

Sikumsikiliza. Malipo yangu yote ya kustaafu yaliingia kwenye kile chumba. Niliinua msingi, nikaweka madirisha ya vyuma, nikapigilia mikeka ukutani ili sauti isirudi. Hatukuwa tena na uwezo wa kulipa kodi, tukahamia kwenye chumba kidogo cha pembeni, palepale kiwanjani. Mke wangu alifungasha vyombo vyake bila neno. Ukimya ule ulinichosha kuliko ugomvi...

Chumba kilipokaribia kwisha, nilimpeleka Hamisi akione. Alizunguka, akagusa ukuta, akasimama mlangoni muda mrefu. Nikamuuliza kwa utani tu, kama hatanikimbia akaenda kwa binti yake Ulaya.

"Mi niende wapi?" akasema. "Mi niko mutu ya Buyenzi."

Wiki iliyofuata akaniambia anakwenda Kigoma kumwona shangazi yake mgonjwa. Akasema kule kuna fundi mzuri, na shingo ya besi yangu imeanza kupinda, nimpe aipeleke ikanyooshwe kabla hatujafungua. Ni kweli ilikuwa inapinda. Nilimpa. Mimi mwenyewe nilimbebea mfuko wake mpaka kwenye basi, na ile besi nikaipakia kwa mikono yangu, nikaizungushia blanketi isigongwe. Alinishika mkono, akachelewa kuuachia. Nilidhani anamwazia shangazi yake.

Hakurudi.

Simu yake haikupatikana. Nilisubiri nikijua kuuguza humcheleweshea mtu safari. Mwishowe nilikwenda Buyenzi, nikamkuta kijana mgeni nyuma ya kaunta. Nikamuuliza Mzee Hamisi yuko wapi.

"Muzee aliniuzia duka, ni kitambo, wiki kadhaa mbele ya kuondoka," akanijibu. "Alisema anaenda kwa binti yake, Ubelgiji. Hakukuambia, papa?"

Kitambo... Maana yake siku ile aliyosimama mlangoni mwa chumba changu, duka lilikuwa limeshauzwa. Kijana akanipa kiti na maji. Majirani wote walijua. Fundi wa gereji ya pembeni alijua. Ni mimi tu, niliyekaa naye kila Jumapili, sikujua.

Baada ya hapo mambo yalifuatana kama ng'ombe njiani. Wale wenzetu wa Jumapili walikuja mara moja, wakatazama chumba, wakasema bila Hamisi nani atafundisha? Hawakurudi. Vijana waliouliza habari zake nikawaambia amesafiri. Kisha mvua zikaanza. Maji yalipita juu ya ule msingi niliouinua, yakaingia chumbani, yakaingia tulipolala. Ampli niliyoinunua kwa miaka ya kujinyima ililowa. Mikeka ikaoza ukutani. Mke wangu akashikwa na homa, na binti yetu Ester akaja akamchukua. Aliniambia, "Papa, na we panda gari." Nikapanda. Ningefanya nini?

Mke wangu hakuwahi kunisema. Mpaka leo hajanisema. Asubuhi anakaanga mandazi na kuyauza mbele ya geti la mkwe wetu, mimi ninamkatia karatasi za kufungia.

Nilimchukia Hamisi. Sitawaficha. Niliomba kanisani, lakini jina lake likija nilihisi uchungu mdomoni. Mwizi wa kawaida anavunja mlango. Huyu nilimbebea mzigo.

Halafu, alasiri moja, simu ikalia. Namba ya nje. Ilikuwa sauti ya mwanamke, akajitambulisha kuwa ni Mwajuma, binti wa Hamisi. Akasema baba yake anataka kuongea, nami nizungumze polepole, kwa nguvu.

"Yakobo," sauti ya mzee ikaja, juu sana, kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Masikio yangu imekufa, ndugu yangu."

Niliibana simu sikioni.

Akanieleza. Miaka miwili ya mwisho alikuwa hasikii tena sauti za chini. Nyuzi nene zilipotea kwanza, halafu nyingine. Alikuwa anafuata vidole vyangu kwa macho. Ndiyo maana alipenda kukaa juu ya sipika, sisi tukidhani ni uzee. Sasa amewekewa chombo sikioni, anasikia maneno, muziki bado ni kelele tu.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia nini? We ulikuwa unajenga. Kila nikitaka kusema, unanionyesha dirisha. Nitafundisha nini, mi kiziwi? Niliona haya."

"Na besi ya kaka yangu?"

Akasema hakuwa na moyo wa kuondoka bila kitu changu. "Iko hapa. Naiweka kifuani, napiga waya moja. Inanitingisha. Ni kitu moja tu nasikia vizuri."

Nilitaka kumtukana. Maneno yalikuwa tayari kwa muda mrefu. Lakini nilichoka, wasomaji wenzangu. Nilikuta hasira yenyewe imezeeka. Nikamwambia kwamba besi mtu anaisikia hata kwa mifupa, kwamba ningekaa naye kiziwi hivyohivyo, kwamba nisingejenga. Alilia. Akaahidi kuirudisha besi kwa mkono wa mtu akipata msafiri. Haijafika. Sijamkumbusha.

Sijui kama nimemsamehe. Tunapigiana simu wakati mwingine, hatuongei mengi.

Ninachowaomba ni hiki. Kama umri umekushika na una mipango na rafiki, usiipokee heshima yake kama ahadi. Mtu mpole anaweza kukuitikia mwaka mzima kwa sababu hana moyo wa kukuvunja. Mkalishe, mtazame usoni, mwulize anaogopa nini, kisha unyamaze mpaka ajibu. Na mke wako akikuambia maji yataingia, mwamini, maana yeye ndiye atakayeyachota.

Nawe unayeficha ugonjwa kwa wanaokupenda... tafadhali, sema leo. Unadhani unawapunguzia mzigo. Unawaacha wajenge peke yao, mahali pasipofaa.